Jinsi ya Kutia Rangi Maua ya Kukata ili Yauzike: Mwongozo Kamili

Wanaojaribu kutia rangi maua hurudi na malalamiko yale yale. Rangi iligoma kupanda. Au ilipanda, lakini ua limejaa mabaka. Au ua lilipendeza jioni, na kulipokucha lilikuwa limelala.

Tatizo la kwanza wengi hulitibu kwa kuongeza rangi kwenye ndoo, na hapo ndipo wanapojitafutia la pili na la tatu. Rangi hupandishwa na kiu ya ua. Ua lililoshiba maji halivuti hata ukiliweka kwenye rangi nzito kama uji, ilhali ua lenye kiu ya wastani huvuta rangi nyepesi hadi kwenye ncha za petali. Karibu hatua zote zilizomo humu zinahusu namna ya kuiongoza kiu hiyo: kuizusha, kuitumia, kisha kuituliza kabla haijaliua ua.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usikate hata shina moja kabla hivi vyote havijawa mezani, maana ukishaanza hakuna muda wa kutafuta.

- Maua meupe au ya rangi ya maziwa, yaliyovunwa karibuni
- Rangi ya chakula ya unga, inayoyeyuka kabisa kwenye maji
- Maji safi. Ya mvua yaliyochujwa yanafaa sana
- Asidi ya sitriki, au maji ya limau yaliyochujwa
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo (utatumia tone moja tu)
- Ndoo au makopo ya plastiki au ya kioo
- Kisu chenye makali au mkasi wa bustani, na wembe kama utafanya rangi mbili
- Mizani ndogo inayopima gramu, na kipimajoto
- Kitambaa chepesi cha kuchujia
- Glavu, aproni na kitambaa cha kuziba pua na mdomo
- Chakula cha maua kinachouzwa kwenye pakiti
- Daftari na kalamu

Vyombo vya bati viache. Asidi kwenye mchanganyiko hula bati, na madini yanayotoka humo hudhuru maua. Vyombo vya plastiki navyo vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Utelezi unaouhisi ukipitisha kidole ndani ya ndoo ya jana ni bakteria, nao huziba mirija ya ua upesi.

Klorini unaweza kuitumia kuoshea ndoo, lakini isuuze yote. Ikibaki hufifisha rangi, na klorini nyingi ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Usizichanganye kamwe.

## Rangi ipi inapanda, ipi inagoma

Ndani ya shina kuna mirija myembamba mno inayopandisha maji. Kitu chochote kisichoyeyuka hunasa pale pale kwenye mkato. Ndiyo maana manjano ya jikoni, ambayo hayayeyuki kwenye maji, huishia kulichafua shina kwa nje. Rangi nzito za jeli za kupambia keki nazo ni za kuepuka, kwa sababu mara nyingi zina sukari na vitu vya kunenepesha.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Kuta za mirija hiyo zina chaji hasi ya umeme. Rangi yenye chaji chanya hugandia ukutani na kubaki chini, wakati yenye chaji hasi hupita. Rangi nyingi za chakula za viwandani ziko kundi hili la pili, ndiyo maana zinafanya kazi. Rangi za vitambaa ni bahati nasibu: baadhi hupanda, baadhi hunasa, na nyingi huja na chumvi inayounguza petali. Mimi sizitumii kwa maua mabichi.

Maji ya bitiruti na mimea mingine? Yanavutia kwa sababu ni ya asili, lakini yana sukari na chembechembe nyingi, hivyo huchacha haraka. Kwa maua ya kuuza hayafai.

## Hatua ya 1: Chagua ua linalostahili

Kutia rangi hakufufui ua lililozeeka. Ua lililokwisha kuchoka huvuta kidogo, na hicho kidogo hulimaliza. Chukua maua ambayo ungeweza kuyauza meupe kwa bei nzuri.

Yanayokubali kwa urahisi ni krisanthemamu, karnesheni, jipsofila (viua vidogo vidogo vyeupe vya kujazia shada) na jerbera. Waridi jeupe hukubali pia, ila ni la taratibu na linahitaji uangalifu. Mimea inayotoa utomvu mweupe ukiikata ni migumu, kwa kuwa utomvu huganda na kuziba mkato. Matawi yenye shina gumu la mti huvuta polepole mno.

Hali ya ua ina uzito kuliko aina yake. Tumba lililofumba kabisa bado halipotezi maji ya kutosha kupitia petali, kwa hiyo halivuti. Utapata kikonyo cha bluu chenye kichwa cheupe. Lililofunguka likafika mwisho huvuta, lakini siku zake zimehesabika. Lengo lako liwe ua lililofunguka nusu au zaidi kidogo.

Rangi ya asili nayo ihesabiwe. Ua la manjano likinywa bluu hutoka kijani. La waridi hafifu likinywa bluu huelekea zambarau. Ua jekundu halibadiliki kwa namna inayouzika, usipoteze rangi yako.

Ondoa majani yote ya chini, na punguza ya juu yabaki machache. Kila jani ni mdomo mwingine unaokunywa rangi uliyoikusudia kwa ua, na majani yenyewe hubadilika kuwa na rangi ya ajabu ambayo wanunuzi wengi hawaipendi.

## Hatua ya 2: Changanya rangi, kisha uichuje

Anza na gramu 10 za unga kwa lita 1 ya maji. Kwa rangi hafifu ya kitoto, gramu 5 zatosha. Unga wa viwandani haulingani nguvu, na baadhi huongezwa chumvi au sukari ili kujaza pakiti, kwa hiyo pima kila pakiti mpya kwa shina moja kabla ya kuiamini. Ukipita gramu 20 bila mafanikio, acha kuongeza. Kasoro iko kwingine.

Kama una rangi ya maji tu, weka matone 20 hadi 30 kwenye nusu kikombe cha maji.

Maji yawe ya vuguvugu, nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi. Maji ya joto hili hupanda kwa wepesi kuliko ya baridi na hubeba hewa kidogo, na hewa ndani ya mirija ni adui. Tia asidi ya sitriki, kama gramu 0.3 kwa lita. Ukikosa, kijiko kimoja au viwili vya chai vya maji ya limau yaliyochujwa. Maji yenye uchachu kidogo hupanda vizuri na huzuia bakteria. Mwisho dondoshea tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita ili maji yalowanishe mirija upesi. Tone moja, si kijiko.

Sukari isiingie humu. Hupunguza uvutaji, na wakati wake bado.

Sasa chuja mchanganyiko wote kwa kitambaa. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu maji yanaonekana yameyeyusha kila kitu. Mimina taratibu na utazame kitambaa: ukiona doa zito la unga limebaki katikati, hilo ndilo lingekwenda kukaa kwenye mdomo wa mirija.

Utajua umefaulu: ukichovya karatasi nyeupe, rangi inasambaa sawasawa bila nukta nzito.

## Hatua ya 3: Lipe ua kiu

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Maua yanatoka kwenye ndoo ya maji, yanaingizwa moja kwa moja kwenye ndoo ya rangi. Yameshiba. Yatavuta nini?

Yatoe majini, yalaze mahali pakavu penye kivuli. Aina nyingi hutosheka na saa 1 hadi 3, lakini usifuate saa, fuata majani. Shika jani la juu kati ya vidole viwili. Likiwa limeshiba ni gumu na hurudi mahali pake ukiliachia. Likiwa na kiu hulegea kidogo, bado lina uhai, lakini halina ubishi. Hapo ndipo pa kusimama.

Kisha tazama shingo, pale ua linapoungana na shina. Shingo lazima ibaki imesimama. Ikianza kuinama umechelewa: ua hilo lirudishe kwenye maji safi ya vuguvugu, na kama baada ya saa chache halijainuka, liondoe kwenye hesabu. Usilitie rangi kwa matumaini kwamba litaamka huko.

Maua yaliyosafirishwa makavu kwa muda mrefu huwa tayari yana kiu. Hayo yapeleke hatua inayofuata bila kungoja.

## Hatua ya 4: Kata upya, ndani ya maji

Ua lilipokuwa kavu, hewa iliingia kwenye mirija kupitia mkato wa zamani. Povu moja dogo la hewa latosha kuukata mkondo wa maji katika mrija mzima. Kwa hiyo ingiza mwisho wa shina kwenye bakuli la maji safi ya vuguvugu, na ulikate humo humo, sentimita 3 hadi 5 kutoka mwisho, kwa mshazari.

Mshazari una kazi yake. Hupanua eneo la kunywea na huzuia shina kukaa bapa sakafuni mwa ndoo. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu hukandamiza mirija badala ya kuikata.

Hamisha shina haraka hadi kwenye rangi. Tone la maji linaloning'inia kwenye mkato hulinda mirija kwa sekunde chache unazohitaji. Usikate mashina mengi ukayapanga mezani kwanza. Kata, hamisha, kata, hamisha.

## Hatua ya 5: Liache linywe

Kina cha rangi kwenye chombo kiwe sentimita 5 hadi 8. Kuzamisha zaidi hakuharakishi kitu, kunachafua shina tu. Mashina yasisongamane, maana hewa ikikosa kupita kati ya maua uvutaji unapungua.

Ua huvuta kwa sababu linapoteza maji kupitia petali na majani. Kwa hiyo lipe mazingira ya kupoteza maji: mwanga wa kutosha, hewa inayotembea kidogo, chumba kisicho na unyevu, joto la nyuzi 20 hadi 25. Feni ya polepole iliyoelekezwa pembeni hufanya tofauti kubwa. Jua kali la moja kwa moja hapana, litakausha ua kabla rangi haijafika. Siku ya mvua na unyevu, tegemea kila kitu kwenda pole. Usilipe kisogo daftari, andika hali ya hewa pia.

Muda hutofautiana. Krisanthemamu na jipsofila zikiwa na kiu nzuri huanza kuonyesha rangi ndani ya saa moja hivi. Karnesheni huchukua saa chache, na katika rangi hafifu huweza kufika usiku kucha. Waridi ni la saa nyingi. Haya ni makadirio ya kukusaidia kupanga siku yako. Atakayekuambia muda halisi ni shina lako la majaribio, na ndiyo maana kila kundi lianze na mashina mawili matatu yanayotangulia wenzake.

Kagua kila dakika 15 hadi 20. Rangi huonekana kwanza kwenye mishipa ya petali au kwenye kingo zake, kwa kuwa maji huishia huko na kuvukia yakiiacha rangi nyuma. Baadaye hujaza katikati.

Kama saa moja imepita na huoni kitu, toa shina moja, likate katikati, utazame mkato. Utaona nukta ndogo za rangi zimejipanga kwa duara karibu na ganda, kila nukta ikiwa ni fungu la mirija. Nukta zikiwapo, rangi iko njiani, subira. Zisipokuwapo, mkato wa chini umeziba: kata upya sentimita 3 na uendelee. Kwa njia hii hubahatishi, na shina moja ulilolitoa mhanga limeokoa ndoo nzima.

## Hatua ya 6: Litoe kabla rangi haijafika unapotaka

Soma hatua hii mara mbili.

Unapolitoa ua kwenye rangi, shina bado limejaa rangi. Ukiliweka kwenye maji safi, maji hayo husukuma rangi iliyobaki juu, na ua huendelea kukolea kwa saa kadhaa. Ukingoja hadi rangi iwe kamili ndani ya ndoo, kesho yake itakuwa imepita kiasi, kingo za petali zitakuwa zimejaa rangi hadi kuungua, na zitageuka kahawia na kukauka.

Toa ua rangi ikiwa imefika kama theluthi mbili ya unachokitaka. Kwa shina refu, toa mapema zaidi, kwa sababu akiba iliyomo ni kubwa. Shina fupi lina akiba ndogo, linaweza kukaa muda zaidi.

Kama unatia rangi kwa ajili ya oda, kwa mfano kulinganisha na kitambaa cha shughuli, weka kipande cha kitambaa hicho kando ya ua na uangalie mara mbili: kwenye mwanga wa dirishani na chini ya taa. Bluu na zambarau hasa hubadilika sana chini ya taa za manjano.

Utajua umefaulu: asubuhi inayofuata rangi imekolea sawa, kingo za petali ni laini, na shingo imesimama.

## Hatua ya 7: Osha, kata, pumzisha

Suuza shina kwa maji yanayotiririka hadi yasitoke na rangi. Kata sentimita 2 au 3 za mwisho, zile zilizolowa zaidi, kisha weka ua kwenye maji safi. Maji ya kwanza yatachukua rangi kidogo. Yabadilishe baada ya saa 2 hivi. Ya pili yatiwe chakula cha maua kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ukikosa chakula cha maua, tumia maji matupu na uyabadilishe kila siku. Sukari peke yake usiweke, utakuwa unalisha bakteria kuliko ua.

Yaache yapumzike mahali pa ubaridi penye kivuli usiku kucha kabla ya kuyauza. Waridi, karnesheni na krisanthemamu zinapenda ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4. Maua ya nchi za joto kama anthuriamu hudhurika kwenye baridi hiyo. Yaweke mbali na matunda yanayoiva, maana matunda hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua haraka, na karnesheni na jipsofila huathirika sana.

## Rangi mbili au zaidi kwenye ua moja

Fungu la mirija upande mmoja wa shina hulisha zaidi petali za upande huo. Ukilipasua shina na kila nusu ikanywa rangi yake, ua hutoka na pande mbili.

Ukiwa ndani ya maji, tumia wembe kupasua shina kutoka chini kwenda juu, sentimita 10 hadi 15, katikati kabisa. Pale mpasuko unapoishia funga utepe, la sivyo shina litaendelea kuchanika lenyewe. Weka kila nusu kwenye kichupa chake, vichupa vikiwa vimegusana na rangi ikiwa imelingana kimo. Ua lenyewe liegemeze kwenye kitu, kwa sababu shina lililopasuliwa halibebi uzito.

Ukitaka rangi nne, pasua mara mbili kwa msalaba. Lakini anza na mbili. Mashina membamba ya jipsofila hayapasuki, usijaribu. Karnesheni na krisanthemamu zenye shina nene ndizo za kujifunzia. Nyuzi zilizopasuliwa hukauka upesi, kwa hiyo ukimaliza kata sehemu yote iliyopasuka na uuze ua likiwa fupi. Hesabu urefu huo tangu mwanzo.

Jambo moja kuhusu kuchanganya: kijani kilichotokana na bluu na manjano kwenye ndoo moja kinaweza kuachana njiani, kwa sababu rangi hizo mbili hazisafiri kwa mwendo mmoja. Unapata ua lenye mishipa ya rangi moja na kingo za nyingine. Wapo wanaoupenda mwonekano huo, ila lisikukute kwenye oda.

## Majani na matawi: gliserini

Majani ya kupambia, kama ya mkaratusi, yana njia yake, nayo humpa muuzaji kitu kinachodumu kwa miezi badala ya siku. Changanya gliserini sehemu 1 na maji ya moto sehemu 2, ongeza rangi ikiwa imeyeyushwa na kuchujwa, acha mchanganyiko upoe hadi uwe vuguvugu, kisha simamisha matawi yaliyokatwa upya humo.

Gliserini hushika nafasi ya maji ndani ya jani na kulifanya libaki laini badala ya kukauka na kuvunjika. Bila rangi, jani hugeuka kahawia, ndiyo sababu rangi hutiwa. Inachukua siku kadhaa hadi wiki 2 au 3. Chagua majani yaliyokomaa. Machanga hunyauka kabla hayajashiba.

Toa tawi linapokuwa limebadilika rangi hadi kwenye majani ya juu na ukilikunja jani linanyumbulika. Ukiona majani yametoa jasho la mafuta, yamezidisha: yafute, yaning'inize kichwa chini mahali pakavu.

## Kuchovya na kupulizia

Ua lisilokubali kuvuta linaweza kuchovywa kichwa kwenye rangi maalumu ya maua au kupuliziwa. Ni haraka, na hata ua la rangi nyingine hufunikwa. Gharama yake ni kwamba rangi hukaa juu ya petali, hivyo huonekana nzito na huchafua nguo kwa urahisi.

Ukipulizia, kaa sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye ua, nje au penye hewa nyingi, tabaka jembamba mara mbili badala ya moja nene. Ukichovya, tikisa matone yaanguke na uning'inize kichwa chini hadi likauke kabisa. Maua yaliyolowa ukiyafunga pamoja yanaota ukungu.

Nyasi na maua yaliyokaushwa hayanywi tena, kwa hiyo huzamishwa kwenye rangi ya moto. Hapo rangi za vitambaa zinaruhusiwa, na shabu kidogo husaidia baadhi ya rangi kushika.

## Ukiona hivi, sababu ni hii

Shina lina rangi, ua jeupe. Tumba lilikuwa limefumba, au umeacha majani mengi.

Hakuna rangi popote. Rangi haikuyeyuka, ua lilikuwa limeshiba, au mkato umeziba. Kata shina utazame nukta.

Mabaka upande mmoja. Sehemu ya mirija ina hewa au imepondwa na kisu butu. Kata upya ndani ya maji mapema. Mabaka yakishakaa hayasawazishwi.

Kingo zimekauka na kuwa kahawia. Rangi ilikuwa nzito mno au ua limechelewa kutolewa.

Ua limelala kesho yake. Kiu ilipita kiasi, au chombo kilikuwa kichafu. Mchanganyiko wa jana nao unaweza kuwa chanzo: ukilala, bakteria wameongezeka humo. Tengeneza kiasi cha siku moja.

## Kabla ya kupeleka sokoni

Maua yaliyotiwa rangi mara nyingi hayadumu sawa na wenzao meupe. Usikisie tofauti hiyo. Kila unapobadilisha rangi au aina ya ua, bakiza mashina matatu yenye rangi na matatu meupe ya kundi hilo hilo, chumba kimoja, maji ya aina moja, na uandike siku ambayo kila shina lilinyauka. Kama meupe yalidumu siku 9 na ya rangi 6, siku 6 ndio muda unaoweza kumwahidi mnunuzi, na ndio unaokuambia uyauze siku gani.

Katika kupanga bei, jumlisha gharama ya ua jeupe, rangi, chakula cha maua na saa zako, kisha gawanya kwa mashina yaliyotoka yakiwa ya kuuzika, si kwa yote uliyoanza nayo. Mashina ya majaribio na yaliyoharibika ni sehemu ya gharama. Kama bei inayopatikana haipiti ile ya ua jeupe ukiongeza hizo, uza meupe. Rangi zisizopatikana katika maua ya kawaida, bluu hasa, ndizo zinazolipa kazi hii, pamoja na oda za kulinganisha na rangi ya shughuli. Kutia waridi jeupe rangi ya pinki wakati waridi la pinki lipo sokoni ni kujichosha bure.

Pima kama rangi inachuja: lowanisha kitambaa cheupe, kibonyeze taratibu kwenye petali. Kikitoka na doa, ua hilo lisiende kwenye shada la bibi harusi wala kwenye nguo ya mtu yeyote. Liende kwenye mapambo ya meza.

Mwambie mnunuzi waziwazi kwamba rangi imetiwa. Akigundua mwenyewe kwa kuona maji ya chombo yamegeuka bluu, umempoteza. Karatasi ndogo iliyofungwa kwenye fungu inatosha: ua limetiwa rangi, maji ya kwanza yanaweza kubadilika, yabadilishe kila siku, liweke mbali na jua, usiliweke kwenye kitambaa cheupe likiwa limelowa, lisitumike kupambia chakula, hata kama rangi iliyotumika ni ya chakula, kwa sababu ua lenyewe huenda lilipuliziwa dawa shambani.